Msitupe ile ordinatere ya zamani

Katika nyumba nyingi za Likasi, Kolwezi ao Kipushi kuna kitu kilichofunikwa kitambaa katika pembe ya salo. Juu yake mama ameweka maua ya plastiki. Ukiinua kitambaa unakuta ordinatere. Papa aliipata wakati biro ya kazi ilipobadilisha vyombo, ao ndugu aliyeko Lusaka aliituma. Ilifanya kazi miaka kadhaa, halafu ikawa nzito, na vijana wakasema: "Papa, hii imekufa, tununue ingine." Papa hana feza ya kununua ingine. Basi watoto wanne wa shule wanagombania telefone moja ya mama, na mega zinaisha kabla ya juma kuisha. Yule wa mwaka wa sita anangoja mtihani wa serikali, na vitabu hana.

Elisha alipofikiwa na mjane mwenye madeni, alianza kwa kumuuliza alikuwa na kitu gani nyumbani. Na sisi tuanze hapo. Hesabuni: ordinatere moja ya mezani, ingine ya kukunja ambayo betri yake imechoka, telefone yenye ekra iliyopasuka, rutere ya wifi ambayo kampani iliacha kuihudumia. Hivyo vinatosha kufanya rezo ya nyumbani.

Watu wengi wakisikia neno rezo wanafikiri intaneti tu. Sivyo. Rezo ya nyumbani maana yake mashini zinasemezana zenyewe ndani ya nyumba, bila kupita kwa kampani yoyote ya telefone na bila kulipa hata mega moja. Kitabu kilichoko katika mashini moja kinasomwa kwa ingine. Emprimante moja inachapa kazi za wote.

Vyombo vya zamani vinafaa kazi hii kwa sababu lugha yao haikubadilika sana. Namna ya kuunganisha kwa kable inayoitwa Ethernet ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox kule California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Tangu hapo imeongezwa mwendo mara nyingi, lakini mashini ya megabiti 100 kwa sekunde ikikutana na ya 1000, kwa kawaida zinapatana zenyewe na kufuata mwendo wa ile ya polepole. Megabiti 100 zinatosha sana kwa nyumba.

Kable hiyo iko na nyuzi 8 ndani, jozi 4 zilizosokotwa, na haipaswi kupita metre 100. Ukiweka vichwa mwenyewe, fuata mpango huu pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na sisi watu wa shaba tusidanganywe na kable! Sokoni kuna nyingi ambazo waya wake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kidogo juu. Kwaruza waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha: inavunjika upesi na haichukui mbali.

Rutere ya zamani ndiyo inagawa anwani kwa kila mashini, mara nyingi zile zinazoanza na 192.168. Kazi hiyo inaifanya hata bila intaneti. Ukiwasha wifi yake, chagua ulinzi wa WPA2. Ule wa zamani unaoitwa WEP ulivunjwa na wataalamu tangu 2001, na kijana wa jirani anaweza kuufungua.

Halafu programu. Windows XP iliachwa na watengenezaji wake mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, Windows 10 mwezi wa kumi 2025. Ndani ya rezo isiyogusa intaneti hatari inapungua, lakini virusi huingia kwa kifimbo cha USB kinachotoka kwa rafiki. Kwa mashini nzee mimi napenda Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Haiuzwi, na ziko namna nyepesi kwa mashini yenye memware ya gigabaiti 2. Kama saa inarudi nyuma kila ukiwasha, usikate tamaa: ni betri ndogo ya CR2032 imekwisha, ile ya duara kama feza ya chuma.

Sasa, faida kubwa. Chagueni mashini yenye disiki kubwa iwe mama wa zingine. Weka ndani yake Kiwix, programu ya bure iliyoanza 2007, inayoruhusu kusoma Wikipedia bila intaneti. Mtu mmoja anapakua mara moja tu, mahali penye rezo nzuri, na kuileta kwa disiki. Toka siku hiyo mtoto anafungua kemia ao historia kwa Kifaransa kwa ile telefone iliyopasuka, akilala kitandani, na mega hazihesabiwi. Ongezeni Biblia, nyimbo, na maswali ya mitihani iliyopita. Na wasichana wapate zamu yao sawasawa na wavulana. Tusiwaite kwa sahani kila mara kaka yao anapoketi mbele ya ekra.

Ile ya kukunja inafaa zaidi kuwa mama, kwa kuwa inakula umeme kidogo, na ukibadilisha betri haizimiki ghafula umeme ukikatika. Wakati wa mvua msivute kable hewani kutoka nyumba hata nyumba. Radi ikipiga karibu, shaba inaileta mpaka ndani. Kati ya nyumba mbili tumia wifi, na mawingu yakikusanyika chomoa kila kitu ukutani.

Neno moja juu ya asili ya vyombo. Mashini iliyotoka biro ya kampani mchana, na karatasi, ni yako. Iliyotoka usiku juu ya ukuta, hata iwe ya kumfundisha mtoto Biblia, iache huko. Na ile uliyopewa kwa haki, futa disiki yake yote kabla ya kuitumia. Barua za wengine hazikuhusu.

Kama kweli moja imekufa, toa memware na disiki, zitasaidia ingine. Lakini vijana wasichome kable wapate shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwa mapafu. Ekra nzito za zamani iko risasi ndani ya kioo chake, msizipasue karibu na kisima. Na betri za kukunja, ambazo nyingi ziko na kobalti kama ile ya Kolwezi, msizitoboe: zinawaka moto. Wekeni mbali na watoto, mahali pakavu, mpaka apatikane anayezikusanya.