Maharage Asubuhi

Muhula uliopita, asubuhi moja tukiwa mstarini, mwenzetu wa Kidato cha Pili alianguka chini. Tulimbeba mpaka kivulini, na alipopata nafuu mwalimu akamwuliza amekula nini nyumbani. Akajibu, "Chai." Mwalimu akauliza, "Chai na nini?" Mwenzetu akanyamaza. Mimi niliyekuwa nimemshika mkono nilitazama kando, maana nami nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu, na nyumbani nilikuwa nimeacha bakuli la maharage aliyonipashia bibi.

Niliyaacha kwa kuona haya. Wanafunzi wengi tunadhani kwamba maharage ni chakula cha usiku, na kwamba mtu mstaarabu hufungua kinywa kwa chai na mkate mweupe. Hapa Izigo vibanja vyetu vina migomba, mibuni, na maharage chini yake. Basi tunauza kahawa ili tununue sukari, na ebihimba tunawaachia wazee! Siku ile nilianza kuuliza, kwanza kwa mwalimu wa Baiolojia, kisha vitabuni.

Sukari ya chai huingia katika damu upesi, nayo hupungua upesi. Kufika kipindi cha tatu macho yanafumba. Maharage huyeyushwa tumboni polepole, kwa hiyo nguvu yake hutoka kidogo kidogo. Tena gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini ya kujenga mwili kiasi cha gramu 8 au 9. Ndizi za kupika za uzito huo huo hazifiki hata gramu 2. Kumbe waliochanganya ebitoke na maharage katika chungu kimoja walikuwa na akili. Jirani zetu wa Uganda hula katogo asubuhi. Watu wa Mombasa na Unguja hula mbaazi za nazi kwa mahamri. Na hata Waingereza, ambao twadhani tunawaiga kwa chai yetu, huweka maharage juu ya mkate wa kubanika na kuyala asubuhi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Maharage yana madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu, na wasichana huyahitaji zaidi kuliko wavulana. Lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, na chai inyweywayo pamoja na chakula huzidi kukizuia. Afadhali chai ingoje saa nzima, na badala yake mtu ale pera au chungwa, kwani vitamini C iliyomo husaidia chuma kuingia.

Najua wengine watacheka na kusema kwamba maharage yatawaaibisha darasani. Ni kweli yanaleta gesi, kwa sababu yana sukari za namna ambayo tumbo haliwezi kuyeyusha, na vijidudu vya utumbo mpana ndivyo huzila. Yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, sehemu ya sukari hizo huondoka. Tena anayeyala kila siku huzoea.

La kuogopwa ni maharage mabichi au yaliyopikwa nusu, khasa mekundu. Yana sumu iletayo kutapika na kuhara, na moto wa kufifia hauiondoi. Sharti yatokote kwa nguvu walau dakika 10, kisha yaendelee kupikwa mpaka yaive kabisa. Na kiporo nacho kina kanuni zake. Bibi huyachemsha tena maharage kabla ya kulala, huyafunika, na alfajiri huyachemsha mara ya pili mpaka yafoke. Yakiwa yamechacha huyamwaga, wala hajaribu kuyaokoa kwa chumvi.

Nilipomweleza bibi habari za protini na chuma, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama shuleni tumelipa ada ili tufundishwe kula maharage. Sikuwa na jibu.

Mwenzetu yule aliyeanguka hupita kwetu kila asubuhi siku hizi, kwa kuwa njia yetu ni moja. Bibi humwekea bakuli lake karibu na mafiga. Chai tunakunywa jioni, tukirudi.