Saa isiyotumia betri yaonyesha majira ya nchi mbili

MARUBANI wa safari za masafa marefu wanahitaji kujua saa za mahali mbili kwa wakati mmoja: za Greenwich, Uingereza, zinazotumiwa kupanga safari za ndege, na za nchi wanakotua.

Ni haja hiyo iliyoifanya kampuni ya Rolex ya Uswisi kutoa saa ya mkononi ya GMT-Master mnamo 1955, ikishirikiana na Pan Am, shirika la ndege la Marekani lililofungwa mwaka wa 1991.

Saa hiyo haina betri, wala mwenyewe halazimiki kuitia ufunguo kila siku. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara. Mkono unaposogea, kipande hicho huzunguka na kukaza kamani kupitia magurudumu ya meno.

Kamani hiyo ikifunguka ndiyo huendesha mishale. Ili isifunguke kwa mkupuo, kizuizi kidogo hushika gurudumu na kuliachilia, jino baada ya jino. Katika saa nyingi za kisasa za aina hii, mdundo huo hutokea mara 8 kwa sekunde, yaani mara 28,800 kwa saa.

Mshale wa kawaida wa saa huzunguka mara mbili kwa siku. GMT-Master iliongezewa mshale wa nne unaozunguka mara moja tu, ukielekezwa kwenye pete ya nje yenye nambari za saa 24.

Kwa mfano, ikiwa ni saa tisa alasiri jijini Nairobi, mshale huo huelekea 15. Kwa kuwa Kenya imeitangulia Greenwich kwa saa tatu, mvaaji huizungusha pete nafasi tatu kuelekea kulia. Mshale sasa unasoma 12, yaani saa sita mchana.

Hata hivyo, anayedhani kuwa bei ghali humhakikishia usahihi usio na kifani amekosea. Kiwango rasmi cha Uswisi kwa mitambo bora huiruhusu kuchelewa kwa wastani wa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Saa ya betri ya bei nafuu kwa kawaida huishinda. Isitoshe, ikikaa kabatini siku kadhaa bila kuvaliwa, husimama.

Anachonunua tajiri, basi, ni ufundi.