Mauaji ya kimbari na mauaji ya halaiki: tofauti iko wapi?

Kila Aprili 7, Rwanda inapoanza maombolezo ya mwaka 1994, vyombo vya habari vya Kiswahili huutaja msiba huo kwa majina mawili: mauaji ya kimbari na mauaji ya halaiki. Wengi huyachukua kuwa kitu kimoja. Sivyo.

Halaiki ni umati. Anayetazama halaiki ya wanafunzi uwanjani siku ya sherehe za taifa huona wingi wao, haulizi kabila wala dini. Mauaji ya halaiki, basi, hueleza wingi wa waliokufa bila kusema kwa nini waliuawa. Mbari ni ukoo. Anayeuawa kimbari huuawa kwa sababu ya nasaba yake. Hata hivyo neno hili nalo halienei sawasawa, kwani koo za jadi za Rwanda, kama Abasinga, zilikuwa na Wahutu na Watutsi pamoja.

Dhana yenyewe ilipewa jina mwaka 1944 na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland. Desemba 9, 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba unaoitambua kuwa kosa la jinai. Kiini chake ni nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, la rangi au la kidini. Kuwazuia watu wa kundi hilo wasizae, au kuwahamishia watoto wao kwa nguvu katika kundi jingine, kunatosha, hata kama hakuna aliyeuawa. Wanaouawa kwa ajili ya chama chao cha siasa hawamo, hata wawe maelfu.

Kwa kuwa mkataba unazitaka nchi zilizouridhia kuzuia na kuadhibu, mwaka 1994 wasemaji wa serikali ya Marekani walilikwepa neno hilo, wakitaja “vitendo vya” mauaji ya kimbari, huku watu wakiendelea kuchinjwa. Septemba 2, 1998, mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha, Tanzania, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo. Majaji walikubali pia kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kulitenda.

Wanyarwanda wenyewe husema jenoside, na jina rasmi huwataja waliolengwa: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Umoja wa Mataifa ulilifuata mwaka 2018. “Mauaji ya Rwanda” hutaja mahali tu.