Maneno ya Maradhi: Lugha ya Korona katika Vitongoji vya Musoma, Bunda na Butiama

Habari za korona zilifika Mkoa wa Mara kabla ya maradhi yenyewe kufika. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi hayo yalikuwa yameenea ulimwenguni. Na tarehe 16 ya mwezi huo huo Serikali ya Tanzania ikatangaza mgonjwa wa kwanza, naye alikuwa msafiri aliyefikia Arusha. Basi kwa muda fulani watu wa Musoma, Bunda na Butiama hawakuwa na mgonjwa wa kumtazama, ila walikuwa na maneno ya kusikiliza: korona, kirusi, karantini, barakoa. Makusudi ya makala haya ni kueleza maneno hayo yalikotoka, jinsi yalivyoweza kueleweka katika vitongoji vya miji hiyo, na sababu ya baadhi yake kuwafaa watu na mengine kuwaacha gizani.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Musoma, makao makuu ya mkoa, umejengwa ufukoni mwa Ziwa Victoria. Bunda upo katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hata Sirari, mpakani mwa Kenya. Butiama upo bara, mbali kidogo na ziwa, nao wajulikana kote kwa kuwa ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Vitongoji vya miji hiyo, kama Nyasho, Bweri na Makoko katika Musoma, ni nusu mji nusu shamba: mtu huweza kuuza dagaa sokoni asubuhi, na jioni akarudi kwenye mihogo yake na mifugo yake.

Lugha nazo zimechanganyika vivyo hivyo. Katika eneo hilo husemwa Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kizanaki, Kiikizu, Kikabwa, Kikurya, Kikerewe na Kisukuma, ambazo zote ni lugha za Kibantu. Pamoja nazo kuna Kijaluo, ambacho si cha Kibantu. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, ya ofisi na kwa sehemu kubwa ya ibada. Lugha ya nyumbani hutawala jikoni, msibani na katika mashauri ya ukoo. Redio za Tanzania hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo, palipokuwa na mzee asiyeshika Kiswahili vema, tangazo la korona lilipaswa kupita mikono miwili: kutoka redioni kwenda kwa kijana, na kutoka kwa kijana kwenda kwa bibi yake. Katika safari hiyo ya pili hapakuwa na karani wala daktari wa kusahihisha. Kijana alitafsiri kwa kadiri alivyofahamu neno la Kiswahili. Na kama neno lenyewe halikumwambia kitu, hakuwa na cha kumpelekea bibi.

Tuchukue neno "kirusi". Asili yake ni neno la Kilatini lililopitia lugha za Ulaya, "virus". Wasemaji wa Kiswahili walipolisikia likianza kwa "vi", walilitia katika ngeli ya ki-vi, wakapata umoja wake "kirusi", kama vile "kitabu" cha Kiarabu kilivyozaa "vitabu". Kisarufi neno limekaa vizuri. Kimaana, hata hivyo, lafanya kirusi kionekane kama chombo, kama kisu au kiti. Watu wengi wamependa kusema "mdudu" au "vijidudu", na hapo sarufi hubadilika pamoja na fikira: mdudu ni kiumbe hai, huingia, hujificha, hutoka. Wataalamu hawaridhiki na neno hilo, maana kirusi si mdudu. Lakini aliyesema "mdudu" alikwisha kuelewa jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani kwamba maradhi haya hubebwa na kitu kinachohama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu.

Jina la maradhi lilikuwa na historia yake. Watu walisema "korona", na baadaye, hasa tangu mwaka 2021, maandiko ya Serikali yakaeneza jina "UVIKO-19", yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona uliotokea mwaka 2019. Atakayelichunguza ataona kuwa limeundwa kwa kanuni ile ile iliyounda "UKIMWI": Upungufu wa Kinga Mwilini. Hazikuchukuliwa herufi za kwanza peke yake, ila silabi nzima, ndiyo maana majina yote mawili hutamkika kama maneno ya Kiswahili, nayo huweza kuingia katika ngeli ya u: ukimwi umeenea, uviko umepungua.

Walakini UKIMWI ulipata kwanza majina ya watu, ndipo ukapata jina la wataalamu. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya pili ya ziwa, watu waliyaita maradhi hayo "juliana", kwa jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanya biashara kutoka Uganda. Baadaye mijini yalizuka majina ya mafumbo kama "ngoma" na "miwaya". Majina hayo yalificha aibu, lakini pia yaliwapa watu njia ya kusema. UVIKO ulikuja kwa mwendo wa kinyume: uliletwa na wakubwa wakati watu wamekwisha kulizoea neno korona, na hadi leo katika mazungumzo ya barazani korona ndilo jina lililo hai.

Maneno yaliyoeleweka upesi ni yale ambayo wafugaji walikuwa nayo tangu zamani. "Karantini" ni mfano ulio bora. Kwa mtu wa mjini lilikuwa neno la hospitali na bandari. Kwa mtu wa Mara ni neno la ng'ombe. Ugonjwa wa midomo na miguu unapozuka, mifugo huwekwa karantini: minada hufungwa, na ng'ombe mzima hawezi kusafirishwa sawasawa na aliye mgonjwa. Basi aliposikia karantini ya watu, mfugaji hakuhitaji maelezo marefu. Alijua kwamba aliye mzima naye huzuiwa, na kwamba soko hufungwa. Alijua pia gharama yake, kwa kuwa siku mnada unapofungwa ndiyo siku ada ya shule inapokosekana. Kutokana na hayo yaweza kufahamika kwa nini uamuzi wa Tanzania wa kutowafungia watu majumbani, tofauti na ilivyokuwa Uganda na Rwanda, ulipata wengi wa kuuunga mkono katika nchi ambayo riziki hutafutwa siku kwa siku.

"Chanjo" nalo lina mizizi. Latokana na "kuchanja", yaani kukata kwa mikato midogo: kuni huchanjwa, na ngozi ya mtu huchanjwa chale ili atiwe dawa ya kumkinga. Zamani chanjo ya ndui ilifanywa kwa kukwaruza ngozi, kwa hiyo neno likafaa kabisa. Sindano ilipokuja, neno likabaki. Katika maana zote hizo anayechanjwa ni mzima, na makusudi ni kinga. Lakini ng'ombe naye huchanjwa, na ng'ombe haulizwi. Yamkini ndiyo sababu katika mwaka 2021 neno "hiari" lilitajwa mara kwa mara karibu na neno chanjo: lilijibu swali ambalo watu walikuwa nalo hata kabla ya kuliuliza.

Maneno mengine yalitoka mbali zaidi. "Barakoa" ni neno la Pwani lenye asili ya Kiarabu, nalo lilikuwa jina la kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa Zanzibar na Uarabuni. Mtu wa Bunda hakuwa na kumbukumbu hiyo, naye alilipokea neno pamoja na kitu chenyewe. Mafundi cherehani ndio waliokifanya kitu hicho kuwa cha nyumbani, walipoanza kushona barakoa za vitenge. "Kitakasa mikono" kiliazima kitenzi cha dini, kwa maana kutakasa ni kuondoa najisi na dhambi. Hivyo neno lilibeba heshima kuliko "sabuni", ingawa sabuni na maji tiririka vilitosha. "Nyungu" ni chungu, na mzizi wake hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu za Bara. Kwa hiyo "kupiga nyungu", yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, kulieleweka bila mkalimani, kukapendwa mno. Sayansi haikuthibitisha kwamba mvuke huua kirusi, na maji ya moto yaweza kuunguza. Lakini ni wazi kwamba neno lililozaliwa nyumbani lina nguvu ya kushawishi, liwe limebeba dawa ya kweli au la.

Nguvu kama hiyo imo katika sanaa. Katika Mara chombo kinachojulikana zaidi ni litungu, chenye nyuzi nane, ambacho Wakurya hasa hukipiga. Mpiga litungu hasifu tu. Huonya, huaibisha, na hutoa habari. Ngoma na muziki wake huhitaji mkusanyiko, na Machi 2020 mikusanyiko ilikatazwa, michezo ikasimamishwa na shule zikafungwa. Njia ambayo kwayo jamii huzoea kujionya yenyewe iliziba wakati ule ule ilipohitajiwa. Nyumba za ibada ziliachwa wazi, hivyo kwaya ziliweza kuimba. Vilevile redio na simu zilibaki. Msiba ndio uliokuwa mtihani mkubwa. Kumpa mfiwa mkono na kulala matanga ni maneno yasiyotamkwa, na asiyeyafanya huhesabiwa kuwa ametukana. Tangazo lilisema "achaneni umbali wa mita moja", lakini halikusema mtu atumie ishara gani badala ya mkono ili mfiwa ajue kwamba hakuachwa.

Kisha ukaja wakati wa ukimya. Hesabu ya mwisho iliyotolewa kwa muda mrefu ilikuwa ya wagonjwa 509 na vifo 21, katika mwanzo wa Mei 2020. Mwezi wa Juni vyuo na shule vilifunguliwa, na Rais John Magufuli akatangaza kwamba nchi imeshinda korona kwa maombi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 watu walikufa, na katika matangazo ya vifo na mazungumzo ya misibani likasikika fungu la maneno jipya: "changamoto ya kupumua". Kwa sarufi hakuna kosa ndani yake. Kosa lake ni kwamba halimwambii msikilizaji afanye nini. Aliyeambiwa "korona" aliweza kunawa, kuvaa barakoa, au kumtenga mgonjwa. Aliyeambiwa "changamoto ya kupumua" aliweza kupeana mkono tu na kutoa pole. Wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mawazo ya watu yalivutwa huku na huku. Mwezi wa Januari 2021 Rais alieleza hadharani mashaka yake juu ya chanjo za kigeni. Alifariki tarehe 17 Machi. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya umma, baada ya nchi kupokea dozi zaidi ya 1,000,000 za Janssen. Msikilizaji wa Nyasho au Bunda alipata, katika muda wa miezi sita, maneno mawili yanayopingana kutoka mahali pamoja pa juu. Aliyesitasita hakuwa mjinga. Alikuwa ameyasikia yote mawili.

Mwisho wa mwaka huo neno UVIKO lilipata maana nyingine. Kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa Serikali ilianzisha mpango wa shilingi trilioni 1.3, ambao kwa sehemu yake ulijenga madarasa 15,000 nchini. Watu wakayaita "madarasa ya UVIKO". Yupo basi mtoto ambaye neno hilo kwake ni jengo lenye kuta mpya na madawati, wakati kwa mama yake ni msiba. Lugha hufanya hivyo daima, na haifai kuilaumu. Lakini neno lililokwisha kuwa jina la jengo haliwezi tena kupiga mbiu ya hatari.

Jambo hili si la historia peke yake. Maradhi ya Marburg yalitokea Kagera mwaka 2023, yakaua watu 6, nayo yakarudi katika mkoa huo Januari 2025. Ziwa moja ndilo linalotenga Kagera na Mara, na watu huvuka. Maneno ya kuonya yafaa kutayarishwa kabla ya siku ya hatari. Katika Mara kazi hiyo ina msingi, kwa kuwa lugha kadha za mkoa, zikiwamo Kijita, Kikwaya, Kizanaki na Kiikizu, zimekwisha kuwekewa tahajia na wataalamu wa SIL waliopo Musoma. Kinachohitajiwa ni waganga wa hospitali, walimu na wazee kukaa pamoja wakati wa afya, wakakubaliana kirusi kiitweje kwa Kizanaki, kutengwa kwa mgonjwa kuelezweje bila kumtukana, na mfiwa apewe pole kwa ishara gani.

Butiama wenyewe una mfano wa kazi ya namna hiyo. Kizanaki ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani ya Mwalimu Nyerere, naye alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Baadaye alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, akatia Injili katika tenzi, kwa kuwa alijua kwamba jambo geni hupokewa vema likija katika umbo ambalo watu wamekwisha kulipenda. Kazi iliyosalia ni kulivusha onyo la daktari hatua moja zaidi, kutoka Kiswahili cha redioni mpaka lugha ya bibi aliyeketi jikoni.