Shujaa Sportacus na Wajibu Wetu wa Kutunza Mwili, Amana ya Mungu

Watoto wetu hujifunza mengi mbele ya televisheni, wala si yote ni ya kulaumiwa. Miongoni mwa vipindi vinavyostahili kutafakariwa na wazazi ni LazyTown, yaani Mji wa Wavivu, kazi ya Magnús Scheving wa Iceland, aliyepata kuwa bingwa wa Ulaya wa mazoezi ya erobiki. Alianza kwa kitabu mwaka 1995, yakafuata maigizo ya jukwaani, na mwaka 2004 kipindi kikaanza kuoneshwa kwenye televisheni.

Shujaa wake ni Sportacus, mwenye mavazi ya buluu na namba 10 kifuani. Hana silaha. Huruka sarakasi, na chombo chake cha angani hukiendesha kwa kukanyaga pedali. Matunda na mboga huviita peremende za michezo. Akila sukari huishiwa nguvu. Na saa 2:08 usiku huenda kulala. Mpinzani wake, Robbie Rotten, hutaka watu wote wakae bure, wale vitamu na wasicheze, ili yeye apate utulivu wa kulala.

Jambo hili lagusa imani yetu. Mtume Paulo awafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19-20). Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo yafundisha kuwa uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, tuzitunze kwa busara (na. 2288), na kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila aina ya ulafi (na. 2290). Kumlea mtoto katika kiasi ni sehemu ya kumlea katika imani.

Katika kipindi hiki tunajifunza mambo mawili. Kwanza, Sportacus hawalazimishi watoto, bali huwaalika na kucheza pamoja nao. Hapo tujihoji sisi wazazi. Twamkataza mtoto soda, ilhali mezani petu haikosekani. Twamwambia akacheze nje, ilhali macho yetu hayabanduki kwenye simu. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi kwa maneno matupu. Tena tukumbuke kuwa mtoto anayemtazama Sportacus kutwa nzima akiwa ameketi, kwa kweli anamtii Robbie Rotten.

Pili, Robbie hafukuzwi mjini. Anaponaswa na mitego yake mwenyewe, Sportacus humwokoa. Ndivyo itupasavyo: kuukataa uvivu bila kumdharau aliye mvivu.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Katekisimu hiyohiyo yatuonya tusiuabudu mwili wala kuutolea kila kitu sadaka kwa ajili ya ukamilifu wake (na. 2289). Afya si kipimo cha utu. Mtoto mgonjwa, mwenye ulemavu au mnene asitaniwe kwa jina la mazoezi. Stefán Karl Stefánsson, aliyemwigiza Robbie Rotten, alifariki dunia mwaka 2018 kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 43. Maradhi humpata hata mwenye bidii, wala hayampunguzii mtu hadhi yake ya kuwa mfano wa Mungu.

Basi, tuanze nyumbani, katika Kanisa dogo la familia. Jumapili baada ya Misa Takatifu, tutenge muda wa kutembea au kucheza mpira na watoto. Mezani pawepo embe, papai au ndizi mahali pa soda. Usiku televisheni izimwe mapema, familia isali pamoja, watoto wakalale. Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe alikua Nazareti katika hekima na kimo (Lk 2:52), chini ya malezi ya Maria na Yosefu. Familia Takatifu ituombee, ili watoto wetu nao wakue vema, mwili na roho.