Elimu ya Sayansi ni Nini?

Watu wengi hudhani ya kuwa elimu ya sayansi ni mali ya mabingwa peke yao. Sivyo. Maana yake hasa ni kuuliza sababu ya jambo, kisha kulipima kabla ya kulisadiki.

Tutazame malaria. Watu wengi wa Pwani walisadiki ya kuwa degedege la mtoto huletwa na shetani. Lakini mwaka 1897, huko Bara Hindi, daktari Ronald Ross alipasua tumbo la mbu, akaona humo vijidudu vya malaria. Leo twajua ya kuwa degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali, na mtoto akicheleweshwa aweza kufa.

Hapa Kibaha, si mbali na Maili Moja, kipo kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ujuzi uliotoka Kuba. Hutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu majini. Mtu akiuliza, "Je, yafaa kweli?" hakukosa. Na atwae ndoo mbili za maji ya dimbwi moja yenye viluwiluwi, azifunike kwa kitambaa; moja aitie dawa, ya pili aiache. Siku ya tatu atazame. Ndoo isiyotiwa dawa ndiyo shahidi: viluwiluwi vikifa katika zote mbili, haijulikani bado kama dawa ndiyo iliyoviua.

Basi twawasihi walimu na viongozi wa mitaa wawazoeze watu kupima hivyo. Mji wenye desturi hii haudanganywi na wauza dawa za uongo, wala hauchelewi kumpeleka mtoto akapimwe damu.