Ulimi Umesamehe, Moyo Bado

Pale nyusi zinapoanzia, karibu na pua, kuna msuli mdogo unaokunja uso mtu anapokasirika au kuumia. Si rahisi kuuamuru. Mtu anaweza kutabasamu kanisani na kumpa mkono wa amani jirani aliyemkosea, huku kipimo kilichobandikwa juu ya msuli huo kikionyesha kwamba bado umekaza.

Mwaka 2001 mwanasaikolojia Charlotte vanOyen Witvliet na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika Chuo cha Hope, jimbo la Michigan, Marekani. Wanafunzi 71 waliombwa kila mmoja amkumbuke mtu halisi aliyemtendea ubaya. Kisha wakaongozwa kuwaza kwa zamu: mara warudie tukio lile na kulea kinyongo, mara wajitahidi kumwona mkosaji kuwa ni binadamu na kumsamehe. Wakati huo wote vipimo vilifuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu, unyevu wa ngozi na mkazo wa msuli ule wa nyusi. Kinyongo kilivipandisha vyote vinne kuliko msamaha ulivyovipandisha. Hata walipoambiwa waache kuwaza na wapumzike, mwili uliotoka kwenye kinyongo ulichelewa kutulia.

Mkosaji mwenyewe hakuwapo chumbani. Huenda wakati ule alikuwa amelala zake, au amekwisha kusahau. Lakini mwili haungoji adui afike mlangoni: kumbukumbu peke yake inatosha kuufanya ujiandae kwa vita, moyo uende mbio na damu ijae homoni za tahadhari kama adrenalini na kortisoli. Kwa hatari ya dakika chache maandalizi hayo huokoa maisha. Kwa mtu anayelirudia tukio la miaka kumi iliyopita kila anapolaza kichwa kwenye mto, vita hiyo haina mwisho.

Hapa naomba tutembee polepole, kwa sababu ndipo baadhi ya wahubiri wanapoupita ushahidi mbio. Tumesikia mara nyingi kwamba ukisamehe, saratani itaondoka na sukari itashuka. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka kadhaa wauguzi wa kike wa Marekani zaidi ya 50,000, wakiwalinganisha kwa jinsi walivyozoea kuwasamehe wengine kwa msukumo wa imani yao. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliokuwa wepesi kusamehe walikuwa na dalili chache za sonona na furaha zaidi maishani. Katika magonjwa ya mwili, tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo ushahidi tulio nao una nguvu upande wa nafsi. Upande wa mwili bado ni mwembamba, na mgonjwa asiachishwe dawa kwa ahadi ambayo hakuna aliyeipima.

Sasa swali linalowatesa waumini wengi wa kweli: nimesamehe, nimepiga magoti na kutamka mbele za Mungu, mbona nikimwona bado tumbo linakaza? Je, nilimdanganya Mungu?

Aliyenisaidia zaidi kulielewa swali hili ni Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth na Mkristo asiyeificha imani yake. Alikuwa ameutafiti msamaha kwa miaka kadhaa pale mama yake alipouawa na mwizi aliyevunja nyumba huko Knoxville, Tennessee, usiku wa kuamkia mwaka 1996. Ameeleza waziwazi jinsi hasira ilivyomjaa, hata akatamani kumpiga muuaji kwa mikono yake mwenyewe. Katika kazi zake anautenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Uamuzi ni nia: sitalipiza kisasi, nitamtendea huyu kama mtu mwenye thamani. Unaweza kufanyika kwa dakika moja na ukawa wa kweli kabisa. Hisia hubadilika kwa mwendo wake, pale huruma inapoanza kuchukua nafasi ya uchungu, na mwendo huo hauharakishwi na amri ya mtu yeyote.

Ukiutazama msamaha hivyo, mama anayelia kwenye jumuiya kwa sababu bado anaumia hajamdanganya Mungu. Ameshaamua, na moyo uko njiani.

Askofu Festo Kivengere wa Uganda aliijua hali hiyo. Alikuwa mlokole, mhubiri aliyesikika Afrika Mashariki nzima, na tarehe 16 Februari 1977 utawala wa Idi Amin ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, mkuu wake na rafiki yake. Kivengere akakimbia nchi. Alisimulia baadaye kwamba uhamishoni uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unamgandisha moyo, hadi ibada ya Ijumaa Kuu mwaka huohuo, jijini London, ilipomrudisha kwenye maombi ya Yesu msalabani kwa ajili ya waliomsulubisha. Kutokana na hayo akaandika kitabu ambacho jina lake tu liliwashtua wengi, kwa kuwa ndani yake alitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema Amin ana haki, wala hakurudi Kampala kukaa naye meza moja.

Njia ya Worthington ina hatua tano. Mtu analikumbuka jeraha bila kulikuza wala kulifunika. Anajaribu kuona mambo kwa macho ya aliyemkosea. Anautoa msamaha kama zawadi, akikumbuka mara ambazo yeye mwenyewe alisamehewa bila kustahili. Anaufunga uamuzi wake kwa kuuandika au kumwambia mtu. Mwisho anaushikilia msamaha huo siku maumivu yanaporudi. Hatua hii ya tano ndiyo mahubiri yetu mengi huiruka. Maumivu yatarudi, kwa sababu ubongo hautupi kumbukumbu ya hatari kwa kuwa tu tumeomba, na kurudi kwake hakufuti kilichoamuliwa.

Njia hiyo ilipimwa kwa upana katika jaribio lililochapishwa mwaka 2024. Watu 4,598 wa Hong Kong, Indonesia, Ukraine, Kolombia na Afrika Kusini waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kijitabu cha mazoezi kinachomalizika kwa takribani saa tatu, jingine likasubiri zamu yake. Baada ya wiki mbili, waliofanya mazoezi walikuwa na kinyongo kidogo zaidi, na dalili za sonona na wasiwasi zilikuwa zimepungua kuliko za waliosubiri. Kijitabu cha mazoezi tu, bila daktari! Kwa nchi zetu ambazo wataalamu wa afya ya akili ni wachache, hilo ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito mkubwa.

Katika Mathayo 18 kuna mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni la talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Tumezoea kuusikia bila kupiga hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta ilikuwa karibu dinari 6,000. Deni la kwanza basi lilikuwa ujira wa siku milioni 60, yaani zaidi ya miaka 160,000 ya kazi bila Sabato. La pili lilikuwa ujira wa miezi mitatu na kitu. Si deni dogo: kibarua ukimnyima miezi mitatu ya mshahara, watoto wake watalala na njaa. Yesu hakusema kosa tulilotendewa ni dogo. Aliliweka kando ya lile la kwanza, tuone tofauti.

Mwaka 2003 watafiti Neal Krause na Christopher Ellison walichapisha utafiti juu ya wazee wa Marekani, na jibu walilolipata liko karibu ajabu na mfano huo. Wazee waliohisi kwamba Mungu amewasamehe hawakuwa na masharti mengi kwa waliowakosea. Hawakungoja sana mtu aje na toba na fidia ndipo wamsamehe. Miaka tisa baadaye Loren Toussaint na wenzake, wakiwatazama Wamarekani wa miaka 66 na kuendelea, waliona kwamba waliosamehe tu pale mkosaji alipoomba radhi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba sharti ndilo lililoua. Lakini fikiria maana ya kuifungia amani yako ndani ya kinywa cha mtu mwingine, ambaye pengine ameshahama mji au ameshakufa.

Kujisamehe mwenyewe ni kazi ngumu zaidi, na hapa sayansi inatoa onyo ambalo kanisa lilipaswa kulitambua mapema. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waliwafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza. Waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa kwa mtihani wa kwanza hawakuchelewa sana kujiandaa kwa mtihani wa pili. Habari njema. Miaka miwili baadaye, katika utafiti mwingine ambao Wohl alishiriki, wacheza kamari waliojisamehe walionekana kuwa na utayari mdogo wa kuacha kamari. Tendo lilelile la moyo lilimwinua mmoja na kumlaza mwingine usingizi.

Tofauti iko wapi? June Tangney, mwanasaikolojia aliyezichunguza kwa miaka mingi hisia za watu waliokosa, anatenganisha hatia na aibu. Hatia husema nimefanya ubaya. Aibu husema mimi ni mbaya. Yeye na wenzake waliwafuatilia wafungwa karibu 500 baada ya kutoka jela. Wale wenye hisia ya hatia hawakurudi sana kwenye uhalifu. Aibu, pale ilipomfanya mtu awatupie wengine lawama, ilimrudisha. Na wanaotibu watu wanaojilaumu wamefika mahali pamoja: kujisamehe kunakoponya hupitia kukubali kosa, kujuta, kurekebisha kinachorekebishika, na ndipo mtu ajiachilie.

Walokole wa kwanza waliifuata njia hiyo bila maabara. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu kuungama hadharani na kisha kuondoka kwenda kurudisha walichoiba. Mtu alirudisha vifaa vya hospitali, alilipa deni alilokuwa amelikana, alikwenda kwa aliyemchukia akasema nisamehe. Walikuwa wamejifunza kwa Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Siku hizi naona tumebakiza machozi ya madhabahuni na kuiacha safari ya kurudisha mali. Mtu aliyedhulumu shamba la wajane akatangaziwa kwamba dhambi zake zimeoshwa, na hati ya shamba bado iko kabatini mwake, hajasaidiwa. Ametiwa ganzi.

Lakini kuna makosa ambayo hayana pa kurudishwa. Ndugu yake Worthington, aliyeukuta mwili wa mama yao, alijiua mwaka 2005. Mtaalamu wa msamaha akabaki akijilaumu kwamba hakumsaidia ipasavyo, na ndugu hayupo tena wa kuombwa radhi. Aliandika kitabu kizima juu ya kujisamehe, na anaanzia kwa Mungu: aliyekufa hawezi kulipokea ungamo, ila Mungu analipokea, na deni lisiloweza kulipwa kwa mwenyewe linaweza kulipwa kwa kuwahudumia walio hai. Kwa maoni yangu hapa imani ina jambo ambalo saikolojia peke yake hukosa, yaani mwenye mamlaka ya kusema umesamehewa pale ambapo mimi kujiambia hivyo kungekuwa kujipendelea.

Msamaha ukitoka moyoni mwa mtu mmoja na kuletwa mbele ya jamii, mambo hubadilika, na wanaoandaa mikutano ya upatanisho wanapaswa kuyajua yaliyotokea Sierra Leone. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, shirika la Fambul Tok liliandaa mikutano ya vijijini ambapo waliotendewa unyama walisimulia na waliotenda waliungama na kuomba msamaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha vijiji vilivyofanyiwa mikutano na visivyofanyiwa, jumla vijiji 200. Msamaha uliongezeka. Watu walishirikiana zaidi na kuchangia kazi za kijiji. Papo hapo sonona, wasiwasi na kiwewe navyo viliongezeka, na hali hiyo bado ilionekana miezi 31 baadaye. Utafiti wa Karen Brounéus kwa Wanyarwanda 1,200, uliotoka mwaka 2010, nao ulikuta sonona na kiwewe zaidi kwa waliotoa ushahidi katika gacaca, mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari. Jamii ilipata amani, na sehemu ya gharama ikabebwa na waliokwisha kuumia.

Sisemi mikutano hiyo isifanyike. Nasema jeraha likifunguliwa kwa siku moja mbele ya umati, lazima awepo mtu atakayebaki na aliyeumia siku zinazofuata. Na mke anayepigwa asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa asamehe saba mara sabini. Kusamehe ni kazi ya mtu mmoja moyoni mwake. Kurudiana kunahitaji wawili, na mmoja wao awe amebadilika.

Robert Enright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Mkatoliki na mmoja wa waliotangulia katika fani hii, hataki mtu asamehe kabla hajaitazama hasira yake na kuipa jina. Mwaka 1996 yeye na Suzanne Freedman walichapisha kazi yao na wanawake 12 waliokuwa wamenyanyaswa kingono na jamaa zao wakiwa wadogo. Kila mmoja alikutana peke yake na mshauri kila wiki, kwa wastani wa miezi 14. Walipomaliza, sonona na wasiwasi vilikuwa vimepungua na matumaini yameongezeka. Walipimwa tena baada ya mwaka mmoja, na nafuu ile ilikuwa bado ipo.